Kichwa, Shingo na Kioo cha Kompyuta

Mtazame mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Shingo yake imenyooka, macho yake yanatazama mbele, naye hutembea mwendo mrefu bila kulalamika. Sasa mtazame mwanafunzi anayetumia kompyuta ambayo kioo chake kimewekwa chini sana. Hana ndoo kichwani, lakini baada ya muda mfupi huanza kujikanda shingo. Je, asiyebeba kitu huchoshwa na nini?

Kwa hakika, yeye pia anao mzigo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo pamoja na misuli inayozizunguka.

Jaribio

Chukua mchi wa kutwangia. Ushike kwa mikono miwili karibu na ncha ya chini, uusimamishe wima. Hesabu hadi 30. Kisha uinamishe mbele kidogo, bila kuuacha uanguke, uhesabu tena. Ni mara ipi mikono yako ilifanya kazi zaidi? Andika jibu katika daftari lako.

Uzito wa mchi haukuongezeka. Ulipokuwa wima, uzito huo ulishuka moja kwa moja juu ya mikono yako. Ulipoinama, mchi ulitaka kuanguka, na mikono ikalazimika kuuzuia. Kichwa nacho ni hivyo hivyo. Kumbuka somo la nyenzo: egemeo lipo pale kichwa kinapokutana na pingili ya kwanza ya shingo, mzigo ni kichwa chenyewe, jitihada hutolewa na misuli ya kisogoni. Kadiri kichwa kinavyoinama mbele, ndivyo misuli hiyo inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Misuli ikivuta muda mrefu bila kupumzika, huchoka na kuuma.

Macho hufuata kitu kinachotazamwa, na kichwa hufuata macho. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mwenzako, "Kaa wima!", tazama kwanza kioo chake kimewekwa wapi. Kikiwa chini sana, atanyooka kwa dakika chache tu, kisha atainama tena.

Kupima mahali pa kioo

Fanyeni kazi hii wawili wawili. Mmoja aketi vizuri: nyayo zikanyage sakafu, mgongo uegemee kiti, kichwa kiwe wima. Mwenzake apime kwa rula kutoka mezani hadi usawa wa macho. Ukingo wa juu wa kioo uwe katika usawa huo, au chini yake kidogo. Kioo kikiwa juu kupita kiasi, kidevu huinuka, na macho yaliyofunguka sana hukauka upesi. Kisha anyoshe mkono mbele; ncha za vidole zikaribie kugusa kioo. Kioo kiwe mbele yake hasa, si ubavuni.

Ikiwa kioo ni kifupi, kiinue kwa ubao imara au vitabu vikubwa. Kompyuta izimwe kwanza, na mwalimu awepo. Usizibe matundu ya hewa, kwani kompyuta hutoa joto inapofanya kazi. Mwanafunzi ambaye miguu yake inaning'inia awekewe matofali chini ya nyayo.

Sasa, kioo kikiwa kimezimwa, kitazame kama unavyojitazama wakati wa kuchana nywele. Ukiliona dirisha ndani yake, mwanga wa dirisha hilo unaakisiwa machoni pako, nawe utapindisha shingo ili kuukwepa. Geuza meza mpaka dirisha liwe ubavuni.

Kompyuta mpakato ina tatizo lake. Kioo na kibodi vimeungana: ukikiinua kioo, mikono huinuka na mabega huchoka, ukiishusha mikono, shingo huinama. Ni afadhali kuiinua kompyuta na kutumia kibodi ya pembeni. Kibodi hiyo isipopatikana, fanya kazi kwa vipindi vifupi. Simu ni rahisi zaidi: iinue karibu na usawa wa macho, na viwiko uviegemeze mezani.

Hata kioo kilichowekwa vizuri hakifai kutazamwa bila kupumzika. Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama mti au nyumba iliyo mbali, upepese macho, kisha usimame na kujinyosha.

Mazoezi

1. Pima usawa wa macho wa wanafunzi watano walioketi kwenye kiti kimoja. Je, kioo kimoja kitawafaa wote bila kubadilishwa? Eleza.

2. Kwa nini aliyejitwika ndoo hutembea bila kuinamisha kichwa?

3. Mtazame fundi cherehani akiwa kazini. Mchore kwa ubavu, uonyeshe egemeo, mzigo na jitihada katika shingo yake. Kama meza yake ingeinuliwa, ni nini kingebadilika katika mchoro wako? Je, miguu yake ingeendelea kuifikia pedali?