Amplifaya ya Valvu ya Besi: Usianze kwa Kulaumu Valvu

D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga, alipoanzisha bendi ya Shirati Jazz mwaka 1967, na hata bendi za Wakongo zilipomiminika Nairobi katika miaka ya 70, amplifaya nyingi kubwa za jukwaani zilikuwa bado za valvu. Masanduku ya enzi hizo hayajaisha yote. Mengine yamelala juu ya kabati, mengine kwenye stoo za kanisa, mpaka siku kijana mmoja anayependa benga anapoyashusha na kutafuta soketi. Maswali haya ni ya wapiga besi wa Silanga, huku Kibera, na wenzao wa Kawangware. Fundi anajibu.

*Fundi, shikamoo. Marehemu baba alikuwa mpiga besi. Ameniachia Selmer Treble-n-Bass ya wati 50. Haijawashwa miaka mingi. Naweza kuichomeka tu nisikie kama bado inalia?*

Marahaba mwanangu, na pole. Usiichomeke.

Ndani yake kuna kapasita za elektroliti, zile za umbo la mkebe. Zikikaa miaka bila stima, utando wa ndani unaozuia umeme hudhoofika. Ukizirushia volti 400 kwa mpigo zinavuja, zinapata moto, pengine zinapasuka, na zinaweza kuiunguza transfoma. Transfoma ndiyo mali yenyewe. Vingine vyote vinanunulika.

Tafuta balbu ya kizamani yenye waya unaowaka ndani, ya wati 60 au 100. Ya LED haifai. Iunge kwenye waya wa moto ili umeme upite ndani ya balbu kabla haujafika kwenye amplifaya. Ng'oa valvu zote kwanza, ukiandika kila moja ilikaa wapi, kisha washa. Balbu ikimulika kidogo halafu ikafifia, transfoma inaelekea ni nzima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, zima utafute. Ukivuka hapo, badilisha kapasita zote za elektroliti, hata zile zinazoonekana nzima. Mimi siamini kapasita ya mwaka 1968, hata ikipimwa ikasema ni nzima.

Kitu kingine, na hiki hakina mjadala: kuchomoa plagi si kumaliza hatari. Kapasita hizo hubaki na umeme wa kuua. Zitoe umeme kwa rezista ya omu elfu 10, ya wati 5 au zaidi, iliyofungwa waya wenye ganda zuri. Shikilia kama sekunde kumi, halafu pima kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri. Kuna mafundi wanaopiga bisibisi cheche zikaruka. Wanaona ni ushujaa, lakini wanaharibu kapasita na macho yao. Na kila unapopima kitu kikiwa kimewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua chako.

*Waya wa stima wa amplifaya yangu una nyekundu, nyeusi na kijani. Plagi imeng'oka. Nifunge vipi?*

Kwanza niambie ilitengenezwa wapi. Ikiwa ni ya Uingereza ya kabla ya 1970, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Siku hizi moto ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Ikiwa ni ya Marekani, Fender au Ampeg kwa mfano, nyeusi ndiyo moto na nyeupe ndiyo nyutro. Rangi ileile, kazi tofauti kabisa. Watu hukosea hapa. Kama huna hakika, ng'oa waya wote uweke mpya wa rangi za sasa.

Amplifaya ya Marekani ina tatizo jingine: nyingi zilitengenezewa volti 117, na sisi hapa tuna 240. Bila transfoma ya kushusha umeme utaiunguza mara moja. Nyingi za zamani pia zina plagi ya miguu miwili, na kapasita ndogo inayounganisha stima na bodi ya chuma. Kapasita hiyo ikipata shoti, nyuzi za gitaa lako zinakuwa na stima, na ukigusa maikrofoni kwa midomo ndipo utajua. Itoe kabisa, uweke waya wa nyaya tatu. Lakini ethi hiyo lazima ifike mahali. Katika nyumba nyingi zilizofungiwa stima ya sambaza, yaani isiyo na mita halali, tundu la tatu la soketi ni mapambo tu. Mkiwa na shoo kwenye ukumbi wenye mita halali na ethi, amplifaya ifanyieni majaribio huko.

*Kila nikiwasha fyuzi inakatika. Jamaa ameniambia niweke kipande cha waya wa shaba.*

Huyo jamaa asiguse amplifaya yako tena. Fyuzi inakatika ili transfoma isiungue.

Tumia balbu ile ya jibu la kwanza. Weka fyuzi mpya ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya. Bila valvu hata moja, balbu inabaki inawaka kwa nguvu? Basi shida iko kwenye transfoma ya stima, diodi au kapasita za pawa. Inafifia? Rudisha valvu ya kurekebisha umeme, kama ipo. GZ34 iliyochoka hupiga shoti. Bado salama? Sasa rudisha valvu mbili kubwa za mwisho. Ikiwaka kwa nguvu hapo, ama valvu moja ina shoti, ama hazipati volti hasi za kuzizuia. Nenda hatua kwa hatua namna hiyo, toka plagi kwenda ndani. Anayeanza kwa kununua valvu huishia kuunguza mpya mbili juu ya ubovu uleule.

*Valvu moja kubwa inakuwa nyekundu ubavuni. Ni uzuri au ubaya?*

Zima sasa hivi!

Rangi ya machungwa katikati ni hita, na hiyo ni kawaida. Bamba la nje, yaani anodi, likiwa jekundu, valvu inapitisha umeme kupita kiasi. Kwenye amplifaya nyingi za wati 50 zenye EL34 mbili, gridi hupewa volti hasi, kati ya 35 na 45 hivi. Ng'oa valvu hizo mbili, washa, upime pini namba 5 ya kila soketi. Volti hasi zikikosekana kote, kagua diodi ndogo na kapasita ndogo zinazozitengeneza. Zikipungua upande mmoja tu, kapasita inayoleta sauti upande huo inavuja. Ni kifaa cha bei ndogo sana. Zikiwepo pande zote sawasawa, basi hapo una ruhusa ya kuilaumu valvu yenyewe. Amplifaya nyingine hazitumii volti hasi bali rezista kwenye katodi, kwa hiyo tafuta mchoro wake kwanza.

Baada ya kurekebisha, weka mkondo. EL34 imepewa wati 25 kwenye anodi. Ukitumia asilimia 70 ya hizo, kwa volti 450, unapata kama miliampa 39 kwa kila valvu. Usizidishe kwa kutafuta sauti nene.

*Mimi hupiga besi kanisani. Amplifaya inavuma hata volyumu ikiwa sifuri.*

Dada, sikiliza mvumo wenyewe. Stima yetu ni ya Hz 50. Mvumo mzito wa Hz 50 huashiria hita au ethi. Ule wa Hz 100, mkali kidogo, ni kapasita za pawa zilizochoka. Ng'oa valvu ndogo ya kwanza: mvumo ukitoweka, umeingilia mwanzoni, ukibaki, nenda kwenye pawa. Ukinunua kapasita Luthuli Avenue, hakikisha ni za volti 450 au 500. Za volti 400 zilizotolewa kwenye televisheni hazitoshi, hata muuzaji akiapa.

*Hapa Silanga, ikifika jioni sauti inalegea. Mchana iko sawa. Valvu zimechoka?*

Stima ndiyo imechoka. Jioni watu wanawasha koili za kupikia kwenye laini moja, volti zinaanguka. Hita inataka volti 6.3 laini ikiwa na 240. Laini ikishuka hadi 190, hita inapata 5 tu, na katodi haipati joto la kutosha. Pima soketi saa mbili usiku kabla hujatumia hata shilingi. Stabilaiza nzuri itakusaidia kuliko valvu mpya.

*Sipati EL34. Nimeona 6L6. Zinabadilishana?*

Pini zake karibu zinafanana, ndiyo maana watu hushawishika. Kuweka 6L6GC mahali pa EL34 kunawezekana, mradi uweke upya volti hasi. Kinyume chake ni hatari zaidi: hita ya EL34 hula ampea 1.5, ya 6L6GC hula 0.9, na transfoma huenda isimudu. Pia EL34 inataka pini 1 iunganishwe na pini 8.

Valvu mpya hutoka hasa Slovakia, Urusi na China. Mwaka 1968 ungeweza kutumia Mullard ya Uingereza. Leo zilizobaki zinauzwa kwa bei ya wakusanyaji, na kwa mpiga besi wa jukwaani sioni faida yake. Kabla ya kununua ya mtumba, tazama doa la fedha ndani ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

*Naweza kuijaribu bila spika?*

Hapana. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua ndani kwa ndani. Spika kwanza, za omu zilizoandikwa nyuma, ndipo uwashe.

*Fundi mwingine anasema niitoe matumbo, aweke saketi ya transista. Mwingine anasema niiuze kama chuma.*

Kuiweka transista ni kununua amplifaya mpya ndani ya sanduku zee, na mpya ya dukani itakuwa nyepesi na rahisi kubeba. Kama hutaki valvu, nunua hiyo. Lakini msimpelekee muuza vyuma vikuukuu. Atapima shaba kwa kilo, na transfoma mbili zilizofumwa zamani zitaenda tanuruni. Ikiwashinda, zifungueni hizo transfoma mzihifadhi mahali pakavu, mbali na unyevu, na mchoro wake mzifungie pamoja. Kuna mpiga besi anayezihitaji.