Kuchagua Mashine ya Kuchonga Kofia za Meno

Jino lililooza kwa kiasi kikubwa, au lililovunjika, mara nyingi huweza kuokolewa. Daktari huondoa sehemu iliyoharibika, hulipunguza jino pande zote, kisha hulivika kifuniko kigumu chenye umbo la jino zima. Kifuniko hicho huitwa kofia ya jino. Pale ambapo jino limekwisha kung'olewa, kofia kadhaa huunganishwa na kuwa daraja linaloegemea meno ya jirani.

Kwa muda mrefu kofia zimetengenezwa kwa mkono. Fundi huunda umbo la jino kwa nta, huizungushia udongo maalumu usioungua, huiyeyusha nta itoke, kisha humimina metali iliyoyeyuka katika nafasi iliyoachwa. Katika miaka ya 1970, huko Ufaransa, François Duret alichunguza njia ya kupima jino kwa mwanga ili umbo lake lichongwe na mashine. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, mashine iliyobuniwa na Werner Mörmann na Marco Brandestini ilitumika kumtibu mgonjwa kwa mara ya kwanza. Siku hizi hata hospitali yenye karakana ndogo ya meno yaweza kuwa na mashine ya namna hiyo juu ya meza.

Hapo ndipo linapozuka swali: ni mashine ipi ifaayo kununuliwa? Wauzaji hutaja kasi, idadi ya mihimili na usahihi kwa tarakimu za kuvutia. Makala haya yanaonyesha kwamba tarakimu hizo hazina maana kubwa mpaka ijulikane kwanza ni kofia za namna gani zitakazochongwa, na kwa malighafi gani.

MWANYA MDOGO, MADHARA MAKUBWA

Kofia hugandishwa juu ya jino kwa saruji maalumu. Ukingo wake ukiacha mwanya mpana, saruji huliwa polepole na mate, na bakteria hupata njia ya kuingia. Jino huoza chini ya kofia, mahali pasipoonekana, na mgonjwa hutambua maumivu yanapoanza. Wakati huo huenda jino lisiokoleke tena.

Mwaka 1971 watafiti McLean na von Fraunhofer, baada ya kuchunguza kofia na vijazo zaidi ya 1,000 kwa muda wa miaka mitano, walipendekeza kwamba mwanya usizidi mikrometa 120, yaani milimita 0.12. Unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 70 hivi. Kwa hiyo nafasi yote aliyo nayo fundi kwa makosa ya kupima, kuchonga na kuoka haifikii unene wa nywele mbili. Kipimo hicho ndicho kinachostahili kuihukumu mashine.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Wanafunzi waliopata kuingia katika karakana ya ufundi wanaijua mashine ya kukereza: ndani yake kipande cha kazi huzunguka, na kisu hukisogelea. Katika mashine ya kuchonga mambo ni kinyume. Ncha ya kukatia ndiyo inayozunguka kwa kasi, na kipande husogezwa mbele yake.

Kazi hupitia hatua tatu. Kwanza, jino au sanamu yake ya plasta hupimwa kwa skana. Pili, fundi huunda kofia ndani ya kompyuta. Tatu, programu hupanga njia itakayofuatwa na ncha, na mashine huanza kuchonga. Malighafi huja katika umbo la kisahani kipana chenye kipenyo cha milimita 98 hivi, ambacho hutoa kofia nyingi, au katika kibonge kidogo cha kofia moja.

MALIGHAFI HUTANGULIA MASHINE

Zirkonia ni kauri nyeupe ngumu sana. Aina yake ya kawaida huvunjika inapopindwa kwa mkazo wa megapaskali 1,000 hivi, na kwa sababu hiyo huyafaa magego na madaraja. Kuichonga ikiwa imekomaa ni kazi nzito inayomaliza ncha upesi. Kwa hiyo huchongwa ingali laini kama chaki, kwa kawaida bila maji, kisha huokwa katika tanuri.

Kauri ya kioo yenye lithi hupitisha nuru vizuri kama jino la asili, hivyo hupendwa kwa meno ya mbele. Nguvu yake ni megapaskali 400 hivi. Hii huchongwa kwa kusuguliwa na ncha zenye chembe za almasi, chini ya mkondo wa maji, kwa sababu joto na mshtuko huipasua. Baadaye huingizwa katika tanuri la nyuzi 850 za Selsiasi hivi.

Nta na plastiki ya akriliki ni rahisi kuchonga. Hutumika kwa kofia za muda na kwa maumbo yatakayomiminiwa metali baadaye. Titani na aloi ya kobalti na kromi, kwa upande mwingine, hudai mashine nzito yenye kiunzi kisichotetema, mota yenye nguvu na maji ya kupozea.

Maelezo haya yanatosha kupunguza orodha ya mashine. Karakana inayotengeneza zaidi magego ya zirkonia yaweza kuanza na mashine kavu. Inayotaka kauri ya kioo haina budi kuwa na mashine ya maji. Zipo mashine zinazofanya yote mawili, lakini unga wa zirkonia ukikutana na maji huwa tope linaloziba mabomba. Hivyo ni lazima mashine isafishwe kila inapobadilishwa kazi. Kuhusu metali, karakana ndogo yaweza kuchonga umbo la nta na kumimina metali kwa njia ya zamani, badala ya kununua mashine nzito itakayokaa bure siku nyingi za mwezi.

HESABU YA KUSINYAA

Mfinyanzi anajua kwamba chungu kibichi kikichomwa hupungua. Zirkonia ni hivyo hivyo. Inapookwa katika nyuzi 1,450 hadi 1,550 za Selsiasi, vijitundu vilivyomo ndani yake hujifunga, na kila urefu hupungua kwa moja ya tano au zaidi. Kofia sharti ichongwe kubwa kuliko jino.

Tuseme upana wa ndani wa kofia unatakiwa uwe milimita 8, na malighafi husinyaa kwa asilimia 20. Upana wa kuchonga ni:

8 ÷ 0.80 = milimita 10

Yaani kila urefu huzidishwa kwa 1.25. Kama fundi ataingiza 1.24 kwa makosa, upana utachongwa milimita 9.92, na baada ya kuokwa utakuwa milimita 7.936. Umepungua mikrometa 64. Kofia itabana, haitashuka mpaka mwisho, na mwanya utabaki ukingoni. Kiwango cha kusinyaa hutofautiana kati ya visahani, hivyo mtengenezaji hukiandika juu ya kila kimoja. Mashine sahihi kupindukia haiwezi kusahihisha namba iliyosomwa vibaya, wala tanuri ambalo joto lake halijapimwa.

MIHIMILI, KASI NA NCHA

Mashine ya mihimili minne husogea kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, na pia hukizungusha kipande. Ile ya mihimili mitano huongeza uwezo wa kukiinamisha. Kwa kofia moja moja, minne mara nyingi hutosha. Wa tano huhitajika zaidi katika madaraja marefu yanayoegemea meno yaliyoinama pande tofauti, na mahali ambapo ukuta wa kofia umejificha ncha isiufikie kutoka juu.

Kasi ya mzunguko nayo isitazamwe peke yake. Kasi ya ukataji ni v = πdn, ambapo d ni kipenyo cha ncha na n ni mizunguko kwa dakika. Ncha ya milimita 1 kwa mizunguko 60,000 hukata kwa mita 188 hivi kwa dakika. Ncha ya milimita 2.5 kwa mizunguko 24,000 hutoa kasi ile ile. Mizunguko mingi ina faida pale tu panapotumika ncha nyembamba.

Na ncha nyembamba zina sababu yake. Ncha yenye kipenyo cha milimita 1 haiwezi kuchonga kona ya ndani yenye nusukipenyo kilicho chini ya milimita 0.5. Jino likiachwa na kingo kali, programu italazimika kuchimba nafasi ya ziada ili kofia ikae, na nafasi hiyo itajazwa saruji. Kwa hiyo daktari anayelainisha kingo za jino husaidia usahihi kuliko muuzaji anayeongeza tarakimu.

UMEME, HEWA NA VUMBI

Mashine nyingi huhitaji hewa ya kompresa iliyo safi na kavu. Unyevu na mafuta huharibu beringi za mota. Vumbi laini la zirkonia halifai kuvutwa mapafuni, kwa hiyo kifyonza vumbi ni sehemu ya ununuzi, si pambo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ncha yaweza kuvunjika na malighafi kupotea. Hifadhi ya betri yaweza kuiwezesha mashine kumaliza kofia moja, lakini tanuri linalofanya kazi kwa saa nyingi huhitaji jenereta. Aidha, mnunuzi aulize kama mashine hupokea mafaili na visahani vya watengenezaji mbalimbali, au vya mtengenezaji mmoja tu. Mashine iliyofungwa humfunga na mwenyewe.

HESABU YA GHARAMA

Gharama ya vifaa vyote ikiwa G, bei ya kofia kutoka karakana ya nje b, na gharama ya kuitengeneza ndani c, idadi ya kofia zitakazorudisha fedha ni:

n = G ÷ (b − c)

Kwa tarakimu za mfano tu, G iwe shilingi 60,000,000, b 250,000 na c 100,000. Basi n = 400. Hospitali inayotengeneza kofia 10 kwa mwezi itarudisha fedha kwa miezi 40. Inayotengeneza 4 itahitaji miezi 100, zaidi ya miaka minane. Kama kofia moja katika kila tano itaharibika, c itapanda hadi 125,000 na n itakuwa 480. Hivyo mafunzo ya fundi yana thamani inayohesabika sawa na chuma cha mashine.

HITIMISHO

Kabla ya kulipa, mnunuzi ampe muuzaji sanamu ya jino kutoka katika karakana yake mwenyewe, naye aombe kofia tano za umbo moja. Tano hizo zikikaa sawasawa juu ya sanamu, ukingo ukiwa umefunga, mashine imejibu swali lililoulizwa. Moja ikikaa vizuri na nne zikayumba, tarakimu za kwenye karatasi hazitalifunga jino la mgonjwa. Mpangilio wa kuchagua basi ni huu: kazi, malighafi, tanuri na mazingira, kisha mashine.

MASWALI

1. Kisahani kinasinyaa kwa asilimia 22. Kofia ya upana wa ndani wa milimita 7.8 ichongwe kwa upana gani?

2. Kila urefu wa zirkonia ukipungua kwa asilimia 20, ujazo hupungua kwa asilimia ngapi?

3. Ncha ya milimita 0.6 izunguke mara ngapi kwa dakika ili ikate kwa mita 100 kwa dakika?

4. Hospitali ya wilaya hutengeneza zaidi magego ya zirkonia, na umeme wake hukatika mara kwa mara. Eleza vifaa ambavyo ungeinunulia kwanza, na sababu zake.