Kulea Mimba si Kazi, Kazi Kulea Mwana: Somo kwa Nyumba Yenye Mtoto wa Mwaka 1 Hadi 3

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi katika nyumba ya kupanga mjini Ukunda. Mama anatakiwa kuwa kazini katika hoteli moja ya Diani kabla ya saa moja. Baba ameshatoa pikipiki nje na anahofia kukosa abiria wa asubuhi. Nyanya anakoroga uji. Mtoto wao wa miaka 2 na miezi 3 ameketi sakafuni akivaa viatu ili amsindikize mama hadi steji, na kiatu cha kushoto amekitia mguu wa kulia. Mama anainama amsaidie. "Mimi!" mtoto anapiga ukelele. Anajitupa chini, anagaragara, anarusha kiatu, nacho kinatua ndani ya sufuria ya uji. Mama anainua mkono.

Familia hiyo ni ya mfano tu, lakini kuanzia Kinango hadi Vanga wazazi wengi wa Kaunti ya Kwale wataitambua. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo huanza kwelikweli mtoto anapopita umri wa kusimama dede na kuanza kwenda anakotaka yeye. Somo hili linaeleza kinachotokea kwa mtoto wa umri huo, jambo la kufanya mkono unapokaribia kuinuka, na msaada unaopatikana karibu na nyumbani.

Kwa nini mtoto husema "sitaki"

Katika mwaka wa pili wa maisha yake, mtoto hugundua jambo kubwa: kwamba yeye ni mtu mwenye matakwa yake, na kwamba matakwa hayo yanaweza kuwa tofauti na ya mama. Njia yake ya kwanza ya kulijaribu jambo hilo ni kusema "sitaki" na "mimi mwenyewe". Watu wazima husikia utovu wa adabu, kumbe mtoto anakua.

Shida ni kwamba matakwa yake yamekua upesi kuliko uwezo wake. Anataka kuvaa kiatu, lakini vidole havijawa vyepesi. Anataka kujieleza, lakini maneno hayamtoshi. Watoto wengi huanza kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", wanapokaribia miaka 2. Tena sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kuzuia hasira na kufikiri kabla ya kutenda huchelewa sana kukomaa, na huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Kumtaka mtoto wa miaka 2 ajizuie kama mtu mzima ni sawa na kumtaka abebe ndoo ya maji kutoka kisimani. Nguvu hiyo bado hana.

Ndiyo maana vilio hivi huja zaidi mtoto akiwa na njaa, usingizi au homa, au akiharakishwa. Mzazi akichunguza kwa siku 3 mfululizo, ataona saa ambazo kilio hupenda kuja. Akishazijua, anaweza kumpa uji mapema, kumlaza kabla hajachoka kupita kiasi, au kumwamsha dakika 15 mapema ili viatu navyo vipate muda wake.

Furaha iliyo ndani ya kazi hiyo

Umri huohuo unaochosha ndio wenye vituko vitamu. Mtoto hushika ufagio mrefu kumliko akafagia taka kuzirudisha ndani. Hukalia ndoo iliyopinduliwa, akanguruma kama pikipiki ya baba na kuita abiria. Humwita kila mnyama paka, hata mbuzi. Humpa pole mama aliyejikwaa, kwa sauti ileile ambayo mama humpa yeye.

Kwa kuiga hivyo, mtoto anafanya mazoezi ya kukumbuka, kupanga mambo na kusema. Vifaa vyake havihitaji pesa: kifuu cha nazi, mwiko, sufuria na boksi tupu vinatosha. Nyanya akimsimulia kwa Kidigo au Kiduruma na mama akazungumza naye kwa Kiswahili, mtoto hapotei. Kujifunza lugha mbili kwa pamoja hakuharibu usemi wake. Kinachojenga usemi ni mtu kuzungumza naye, kumsikiliza na kumjibu. Simu haiwezi kuifanya kazi hiyo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 asiketishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku.

Mkono unapoinuka

Wengi walilelewa kwa makofi, na husema kofi halikuwaua. Hutaja methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inasema kukunja, haisemi kuvunja. Mtoto wa miaka 2 akipigwa hubaki na maumivu na hofu ya aliyempiga. Hajifunzi kuvaa kiatu wala kutulia. Anachokiona ni kwamba aliye mkubwa akikasirika hupiga, na kesho yeye atampiga aliye mdogo kwake. Kumtikisa mtoto kwa nguvu ni hatari zaidi, kwani kunaweza kumjeruhi ubongo.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na kila aina ya ukatili. Sheria ya Watoto ya 2022 inaendeleza ulinzi huo.

Hata hivyo, kutompiga mtoto si kumwachia afanye atakalo. Mtoto huhitaji mipaka, na kuna hatua 4 zinazosaidia.

Kwanza, mtu mzima atulie yeye kabla ya kumtuliza mtoto. Hasira ikimzidi, amkabidhi mtoto kwa mwingine au amwache mahali salama kwa dakika chache, avute pumzi, kisha arudi.

Pili, achutame awe kimo kimoja na mtoto, na ataje kinachomsumbua: "Umekasirika. Ulitaka kuvaa mwenyewe." Mtoto asiyeweza kuitaja hasira yake hupata nafuu mtu mwingine akimtajia.

Tatu, mpaka usemwe kwa maneno machache na usibadilike: "Viatu havirushwi." Jambo likichekewa leo na kukaripiwa kesho, mtoto hawezi kulijua kuwa kosa.

Nne, apewe nafasi ya kuchagua kati ya mambo mawili yanayokubalika: "Utaanza na kiatu hiki au kile?" Hapo anapata kitu cha kuamua, na kazi inasonga mbele.

Kilio kikiisha, kiishe. Asikumbushwe kosa lake kutwa nzima. Akifanya vizuri, asifiwe kwa kile alichofanya, kwa mfano: "Umerudisha kikombe mezani, ahsante."

Hatua hizi hazifui dafu ikiwa nyumba ina sauti mbili. Mama akikataza biskuti kabla ya chakula na nyanya akaitoa kisirisiri, mtoto hujifunza wapi pa kulilia. Jambo hili limezua mivutano katika nyumba nyingi. Haifai mkaza mwana kubishana na mama mkwe mbele ya mtoto. Wakubwa wakae mtoto akishalala, wakubaliane sheria 2 au 3 ambazo kila mmoja atazishika, na mengine wayaachilie.

Hatari zilizo kimo cha mtoto

Ipo methali nyingine isemayo mtoto akililia wembe mpe. Kwa mtoto wa umri huu methali hiyo haifai kabisa. Mtoto anaweza kupanda na kufungua, lakini hajui kuogopa. Mzazi na apige magoti aitazame nyumba kwa kimo cha mtoto, na ataona haya:

Maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo au beseni lenye maji ya sentimita chache. Ndoo ifunikwe, na kisima kiwe na kifuniko kizito.

Moto. Jiko la makaa linalowekwa chini na mshikio wa sufuria unaochomoza ni hatari. Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga.

Mafuta ya taa na dawa. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa hiyo kuwa ya kinywaji. Akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ibebwe.

Vya kukaba koo. Njugu na korosho nzima, peremende ngumu, sarafu na betri ndogo za saa visiwe karibu naye.

Chakula, usingizi na kliniki

Maziwa ya mama yanapendekezwa hadi miaka 2 au zaidi, pamoja na chakula cha nyumbani. Mtoto aliyepita mwaka 1 huhitaji milo 3 hadi 4 kwa siku na kitu kidogo katikati, kama ndizi au papai. Sima laini kwa dagaa na mchicha, maharagwe yaliyopondwa, au yai ni chakula kizuri. Chai haimfai, kwani huuzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Asilazimishwe kula: mzazi huamua kitakacholiwa na wakati wake, naye mtoto huamua ni kiasi gani kinamtosha. Usingizi uwe wa saa 11 hadi 14 kwa siku mpaka atimize miaka 3, pamoja na ule wa mchana.

Wazazi wengi hukiweka kabatini kitabu cha kliniki baada ya chanjo ya miezi 9. Hapo ndipo makosa huanza. Chanjo ya surua na rubela ina dozi ya pili katika miezi 18, na ni ya bure katika vituo vya afya vya umma. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, tangu mtoto atimize miezi 6 mpaka miaka 5. Dawa ya minyoo huanza akitimiza mwaka 1, nayo hutolewa kila baada ya miezi 6.

Mtoto apelekwe kliniki akaangaliwe ikiwa hatembei peke yake akifika miezi 18, haunganishi maneno mawili akifika miaka 2, au amepoteza ujuzi aliokuwa nao. Watoto hutofautiana, lakini kungoja kwa kusema "ataanza tu" kunaweza kumpotezea muda ambao msaada ungefaa zaidi.

Mzigo usiwe wa mtu mmoja

Mara nyingi mkono unaoinuka ni wa mtu aliyechoka. Mama aliyeamka saa kumi usiku, anayewaza kodi ya nyumba na ambaye hajapumzika tangu Jumapili, hana akiba ya subira. Katiba, katika Kifungu hichohicho cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Wajibu wa baba hauishii kwenye kuleta pesa. Kumwogesha mtoto, kumlisha au kumsimulia kisa kabla ya kulala ni kazi za baba pia, na mtoto huzikumbuka.

Katiba pia imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Mzazi anayemwacha mtoto kwa jirani au kituoni aangalie mambo machache: watoto ni wangapi kwa kila mlezi, maji na choo vikoje, jiko liko wapi, na kama anaruhusiwa kufika wakati wowote bila taarifa. Pakiwa na mlango unaofungwa mzazi asiingie, asimwache mtoto hapo.

Kuomba msaada si aibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba za kijiji anaweza kuulizwa kuhusu lishe, chanjo na ukuaji wa mtoto. Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, au anayeogopa kwamba atamdhuru mwanawe, azungumze na muuguzi wa kituo cha afya bila kuchelewa. Kwa mtoto anayeteswa au kutelekezwa, simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116, na hupokelewa mchana na usiku.

Mkono ule wa asubuhi

Mkono wa mama yule wa Ukunda unaweza kushuka kwa njia mbili. Ukishuka kwa kofi, mtoto atalia zaidi, nyanya atalalamika, baba atafoka, na mama atakwenda kazini akiwa na uchungu moyoni. Lakini unaweza pia kushuka ukatoa kiatu kwenye sufuria, nyanya akacheka, baba akazima pikipiki kwa dakika 5 na kumpangusa mwanawe machozi. Uji utapikwa upya. Mtoto atamsindikiza mama hadi steji na viatu vilivyopishana miguu, naye atakuwa amevivaa mwenyewe.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya wazazi

1. Ni saa gani za siku ambapo mtoto wenu hulia zaidi, na ni nini hutangulia kilio hicho?
2. Ni sheria zipi 2 au 3 ambazo watu wazima wote wa nyumba yenu wanaweza kukubaliana?
3. Ukipiga magoti sebuleni na jikoni leo, utaona hatari gani iliyo kimo cha mtoto?
4. Ni kazi gani moja ya malezi ambayo baba, shangazi au nyanya anaweza kumpokea mama wiki hii?
5. Kitabu cha kliniki cha mtoto wenu kinasema nini kuhusu dozi ya miezi 18?