Mto Ukichepushwa: Mambo ya Kuuliza Kabla Handaki Halijachimbwa

Mfugaji mwenzetu,

Siku moja chifu ataitisha baraza. Wageni watafika na magari, ramani na vitabu vinene. Watasema kuna mradi huko juu ya mto: banio, bwawa, au handaki la kupeleka maji mjini. Kisha watauliza, "Nyinyi wafugaji mnahitaji nini?"

Mara nyingi tunajibu upesi: "Maji ya mifugo." Wao wanaandika: kisima kimoja na mabirika mawili. Watu wanapiga makofi, baraza linafungwa.

Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayolisha zizi wakati wa kiangazi. Somo hili linaeleza nusu hiyo, na jinsi ya kuisema mahali inapoweza kuandikwa na kufuatwa.

TATHMINI YA MAZINGIRA NI NINI?

Nchini Kenya, mradi mkubwa wa maji hauruhusiwi kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo inayoagiza hivyo. Mwenye mradi huajiri wataalamu, nao huandika ripoti. Ripoti inapelekwa kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. NEMA inaweza kutoa leseni, kutoa leseni yenye masharti, au kukataa.

Ripoti nzuri hujibu mambo matano:

1. Mto ulivyo sasa, kabla ya mradi.
2. Mradi utabadilisha nini, wapi na msimu gani.
3. Kuna njia nyingine gani ya kupata maji hayo.
4. Madhara yatapunguzwaje, na kwa gharama ya nani.
5. Nani atapima baada ya mradi kuanza, na atafanya nini akikuta mambo yameharibika.

Wataalamu hao hukaa nanyi siku chache tu. Wakija wakati wa mvua, wataona majani kila mahali na kuandika kwamba malisho yapo ya kutosha. Usipowaeleza kiangazi, ripoti haitakuwa na kiangazi.

MFANO: HANDAKI LA MURANG'A NA MTO TANA

Mji wa Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bonde la mto Tana, hasa kupitia bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika. Mji ulipokua, maji hayakutosha. Ukabuniwa mradi wa handaki la Northern Collector katika Kaunti ya Murang'a. Awamu yake ya kwanza ni handaki la karibu kilomita 12 chini ya ardhi. Huchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati, inayotoka Aberdare, na kuyapeleka upande wa Ndakaini. Lengo lilikuwa kuongeza mita za ujazo 140,000 za maji kila siku. Hayo ni mapipa 700,000 ya lita 200.

Mradi huo ulizua mabishano makubwa. Wakazi wa Murang'a walihofia mito yao kukauka. Watu wa chini, hadi Garissa na Tana River, wakauliza: na sisi je? Wenye mradi walijibu kwamba handaki limepangwa kuchukua maji ya mafuriko tu, na kwamba maji ya kawaida yataachwa yapite.

Hapo tuna mambo matatu ya kujifunza.

Kwanza, maji yakihamishwa bonde hayarudi. Mito hiyo mitatu kwa asili inashuka kwenda Tana. Yakishatumika Nairobi, maji taka ya mji huingia mto Nairobi, kisha Athi, na kumwagikia baharini kupitia Sabaki karibu na Malindi. Kwa mfugaji wa Bura au Garsen, maji hayo yameondoka kabisa.

Pili, mradi mmoja ukipimwa peke yake huonekana mdogo. Mita 140,000 kwa siku ni kama mita 1.6 kwa sekunde. Tana ikifurika pale Garissa hupitisha mamia ya mita kwa sekunde. Kwa hiyo handaki hilo pekee haliwezi kumaliza Tana, na anayesema hivyo barazani atapingwa kwa hesabu. Lakini kabla ya handaki tayari kulikuwa na mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Kuna pia mashamba ya kunyunyizia maji na mabanio mengi. Ngamia halemewi na mzigo wa mwisho peke yake, bali na mizigo yote iliyotangulia. Swali la haki ni hili: ukijumlisha miradi yote, mto unabaki na nini?

Tatu, na hili ndilo kubwa: kwa mhandisi, maji ya mafuriko ni ziada. Kwa mfugaji, mafuriko ndiyo malisho.

NG'OMBE HANYWI MTO TU, ANAULA PIA

Tufanye hesabu ya boma moja lenye ng'ombe 30.

Maji: wakati wa joto kali, ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Tuchukue 40. Ng'ombe 30 watakunywa lita 1,200. Hata kisima kidogo chenye pampu nzuri kinaweza kutoa maji hayo.

Malisho: ng'ombe wetu wa kilo 250 anahitaji karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 30 ni kilo 180. Kiangazi cha siku 90 ni kilo 16,200. Robota moja la nyasi lina kilo kama 15. Hayo ni marobota 1,080 kwa boma moja, kiangazi kimoja. Zidisha kwa bei ya robota sokoni kwenu.

Nani huleta marobota hayo bila kudai shilingi? Ni mto, unapofurika na kulowesha uwanda wa kando. Maji yakipungua, nyasi huota pale wakati nyika yote imekauka. Ndiyo sababu wafugaji wa Tana huhama na mifugo kwenda deltani kila kiangazi. Huingia mtoni kwa njia zinazojulikana, ambazo Waorma na Wardei huziita malka.

Mafuriko yakipungua, uwanda unaolowa unakuwa mdogo. Nyasi zinapungua, mifugo inasongamana, na mkulima naye analima karibu zaidi na maji. Mwaka 2012 na 2013 watu wengi walikufa Tana Delta katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Chanzo hakikuwa kimoja, lakini ugomvi wa maji na malisho ulikuwemo.

Basi kisima ni kizuri, ukipewa pokea. Lakini usikubali kiandikwe kuwa fidia ya mafuriko. Kisima hakioti nyasi. Kikichimbwa mahali pasipo na malisho, mifugo itajaa pale, ardhi itakuwa vumbi, na wanyama watakufa njaa huku birika limejaa.

Tukumbuke pia kwamba si kila mafuriko ni mazuri. Mwaka 2024 mvua zilipozidi na Masinga kujaa, maji yalivuka na kuleta maafa huku chini. Tunayoyataka ni mafuriko ya msimu wake, ya kiasi, na yenye taarifa mapema.

MASWALI SABA YA KUPELEKA BARAZANI

1. Maji yatachukuliwa miezi gani, na banio litafungwa lini? Jibu la "wakati wa mafuriko" halitoshi. Dai kipimo: mto ukifika kina gani ndipo maji yaanze kuchukuliwa?

2. Ni kiasi gani kitaachwa mtoni siku zote? Sheria ya Maji ya 2016 inataka kuwepo akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Uliza akiba hiyo ni kiasi gani penye mradi, na kiasi gani inapofika kwenu.

3. Mto umepimwa kwa miaka mingapi? Vipimo vya miaka michache ya mvua njema havionyeshi miaka ya ukame.

4. Tathmini imefika umbali gani chini ya mto? Ripoti nyingi huangalia penye ujenzi tu. Kama mifugo yenu hunywa kilomita 300 chini ya banio, ulizeni mbona hamumo.

5. Miradi mingine ya mto huu imejumlishwa?

6. Mji umejaribu nini kabla ya kuja mtoni? Kuziba mabomba yanayovuja, kuvuna maji ya mvua, kusafisha maji taka na kuyatumia tena: hizo zote ni njia ambazo ripoti inapaswa kuzipima.

7. Nani atashika ufunguo wa banio, na nani atamkagua? Dai kifaa cha kupima maji kinachosomeka na kila mtu, na nafasi ya mfugaji katika kamati ya ukaguzi. Chama cha Watumiaji Maji cha eneo lenu ni mahali pazuri pa kuanzia.

TAYARISHENI USHAHIDI WENU

Neno la mdomo husahaulika. Daftari halisahau. Anzeni leo, hata kama hakuna mradi uliotangazwa.

- Pigeni alama za kina cha mto kwenye nguzo ya daraja au mti mmoja wa kando. Kijana wa shule aandike kina kila wiki, pamoja na tarehe.
- Andikeni tarehe maji yalipoingia uwandani, yalipofika na yalipotoka.
- Hesabuni mifugo inayofika kila malka wakati wa kiangazi, pamoja na ile ya wageni.
- Choreni ramani ya malka, njia za mifugo, mabwawa ya asili na malisho ya akiba. Wazee watasema majina ya mahali, vijana watachora.
- Wasikilizeni akina mama. Wao ndio wanaojua umbali wa maji, wanaolea ndama na mbuzi wagonjwa nyumbani, na wanaoona kwanza maziwa yakipungua. Haya pia yaandikwe.
- Ulizeni wazee kuhusu miaka mikubwa ya mafuriko na ya ukame, kabla ya mabwawa na baadaye.

Daftari la miaka mitatu likiwekwa mezani mbele ya mtaalamu, hawezi kulipita bila kulijibu.

HAKI ZENU KATIKA SHERIA

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, mahali na wakati unaowafaa. Anatakiwa pia kubandika matangazo hadharani na kutangaza redioni, hata kwa lugha ya wenyeji. Mkutano uliofanywa mjini wakati mifugo iko mbali hauwafai wafugaji. Andikeni barua kusema hivyo, mkitaja miezi ambayo mko karibu.

Ripoti ikifika NEMA, tangazo hutolewa ili wananchi watoe maoni. Muda huandikwa ndani ya tangazo, nao ukipita umepita. Chagueni mtu mmoja wa kusikiliza redio na kupita ofisi ya NEMA ya kaunti. Maoni yapelekwe kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi au alama za vidole. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Leseni ikitolewa na hamkuridhika, mnaweza kukata rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira, NET, ndani ya siku 60. Si jambo la bure. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu. Sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kulalamika walikuwa watu wa kawaida wa Lamu.

Tahadhari: karatasi ya mahudhurio si karatasi ya kukubali, lakini huweza kutumiwa hivyo. Kabla ya kutia sahihi, mwenye kujua kusoma asome juu yake pameandikwa nini.

ZOEZI LA BOMA

Jioni hii, kaeni pamoja mjibu:

1. Tukihesabu kama ile ya ng'ombe 30, sisi tunahitaji marobota mangapi kwa kiangazi?
2. Kati ya hayo, mangapi hutoka kwenye uwanda unaolowa na mto?
3. Mwaka jana maji yaliingia uwandani mwezi gani? Mwaka juzi je?
4. Nani kati yetu ataanza kushika daftari?

KUMBUKA

Watu wa mjini nao wana kiu, na watoto wao ni watoto kama wetu. Hatuendi barazani kuwanyima maji. Tunakwenda ili mto ugawanywe kwa kipimo, na fungu la mwenye kukaa chini ya mto liandikwe kabla banio halijafungwa. Banio likishafungwa, kulidai fungu hilo ni kazi ya miaka.

Kwa msaada wa kuchora ramani au kuandika maoni, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako. Ukimaliza kusoma, mpe jirani wa chini ya mto.