Pasi ya Kalamu ya Kubandikia Mawe: Maswali ya Mafundi wa Buibui

Sikukuu ikikaribia, na baada yake harusi za Mfunguo Mosi, maduka ya nguo ya Darajani na Mchangani huyatanguliza mbele mabuibui yaliyopambwa kwa mawe ya kung'aa. Mengine huja tayari kutoka Dubai. Mengine hushonwa papa hapa Unguja, kisha fundi huinama juu ya mkono wa nguo na kubandika jiwe moja baada ya jingine. Kazi hiyo inataka kifaa kidogo cha moto kinachoshikwa kama kalamu, na inafaa kibuniwe kwa kuanzia kwenye kitambaa cheusi cha nida na umeme wa Unguja.

Mawe hayo hushikaje?

Mgongoni mwa jiwe mna gundi kavu. Ikipata moto huyeyuka, hupenya kwenye nyuzi za kitambaa, na ikipoa hukamata. Mawe ya kioo yaliyokatwa kwa mashine yalienea duniani baada ya Daniel Swarovski kuanzisha kiwanda chake Wattens, Austria, mwaka 1895. Leo yapo ya viwanda vingi na ya kila bei. Jiwe la ukubwa wa namba 16 lina upana wa milimita 4 hivi. Namba 10 haifiki milimita 3.

Moto uwe kiasi gani?

Hapa ndipo kifaa kinapofaulu au kinapoharibu nguo ya mtu. Gundi ya mawe mengi hufanya kazi kati ya nyuzi joto 120 na 170 za Selsiasi. Nida ni poliesta, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Kwa hesabu hiyo mtu atadhani nafasi ni kubwa, lakini poliesta hulainika mapema zaidi na kuacha alama ya kung'aa ambayo haitoki kwa kufua. Kwenye buibui jeusi alama hiyo huonekana hata kutoka upande wa pili wa baraza.

Ncha isiyo na kidhibiti huzidi kupata moto fundi anapotafuta jiwe linalofuata, kisha hupoa ikigusa kitambaa. Jiwe la kwanza huungua, la kumi halishiki. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya mbunifu iende kwenye kidhibiti joto kidogo kilichofichwa ndani ya ncha, chenye kukata umeme nyuzi zikifika 160 na kuurudisha zikishuka. Rangi na boksi la kupendeza vingoje.

Mawe ya plastiki yasibandikwe kwa kifaa hiki hata kidogo, kwani hulainika kwenye nyuzi 100 hivi, kabla gundi haijayeyuka. La kioo hutambulikana mkononi: ni zito zaidi na lina ubaridi.

Kwa nini kisichomekwe ukutani tu?

Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 njia hiyo iliharibika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 wa mwaka 2013 ulileta nafuu kubwa, lakini fundi mwenye ahadi ya nguo ya biharusi hawezi kusimama kila umeme unapokatika.

Jibu liko mkobani mwake tayari: pawabenki ya simu. Yenye uwezo wa saa-milliampia 10,000 hubeba saa-wati 37 hivi, na baada ya upotevu hubaki kama 30. Ncha inayotumia wati 8 itafanya kazi kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Tuchukue buibui la mawe 600, kila jiwe likikandamizwa sekunde 8: hizo ni dakika 80 za moto. Betri ikikaa mezani na waya mwembamba wa silikoni kuletwa hadi kwenye kalamu, mkono haubebi uzito wowote wa ziada. Silikoni haiyeyuki ikiguswa na ncha kwa bahati mbaya.

Ncha na mshikio viweje?

Ncha iwe ya shaba, kwa sababu hupitisha moto upesi, na iwe ya kufunguliwa kwa kuzungushwa kama skrubu ili ibadilishwe kwa kila namba ya jiwe. Mawe hupenda kung'ang'ania ndani yake, na mafundi huyachokoa kwa sindano. Afadhali kuwe na kijiti chenye springi katikati: kidole kikibonyeza, jiwe linabaki kwenye nguo.

Mshikio wa plastiki inayochapwa kwa printa za kawaida utaleta tabu, maana plastiki hiyo hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Mbao hupitisha joto polepole mno. Unguja ina wachongaji wa milango ambao mikono yao imezoea kazi nyembamba kuliko hii, na mshikio wa mninga wenye unene wa kidole gumba hauwashindi.

Kitajaribiwaje?

Kwa vipande vya nida vilivyobaki chini ya cherehani. Vibandikwe mawe ishirini ishirini kwa nyuzi 130, 150 na 160, viachwe usiku kucha, vigeuzwe ndani nje, vifuliwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Kisha yahesabiwe mawe yaliyodondoka, na mgongo wa kitambaa uangaliwe juani kama una mng'ao. Hapo ndipo buibui la mteja liguswe.