Nyambizi ya Nyuklia na Jina Lake

Injini ya dizeli haiwaki pasipo oksijeni. Ndiyo maana nyambizi ya dizeli hulazimika kukaribia uso wa bahari ili ivute hewa. Nyambizi ya nyuklia haina haja hiyo. Kinuni mwake viini vya atomi za urani hupasuka na kutoa joto, maji yakawa mvuke, na mvuke ukaendesha mitambo.

Mwaka 2018 Uingereza iliiita nyambizi yake ya saba ya aina ya Astute Agincourt, mahali Wafaransa waliposhindwa mwaka 1415. Januari 2025 ikaitwa Achilles, jina la manowari iliyopigana na Wajerumani mwaka 1939. Mataifa yote mawili leo ni washirika wa Uingereza. Wanafunzi na wajadili: ni jina gani la vita lisilobeba ugomvi wa kale?