Dondoo muhimu: Datsun 240Z isichemke Ukambani

Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ukiliendesha leo kati ya Kitui na Kibwezi, litunze hivi:

• Usijaze rejeta maji ya kisima. Mengi huku yana chumvi, nayo huziba mirija na kula kichwa cha injini cha alumini. Changanya kulanti na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu.

• Injini ikiwa baridi, bonyeza mipira ya maji. Ikibonyea kama andazi au ikiwa na nyufa, badilisha.

• Puliza vumbi jekundu kwenye rejeta, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

• Mshale wa joto ukipanda, simama, zima injini. Usifungue kifuniko mpaka rejeta ipoe.